Bobini za Kiuno Chembamba

Siku niliyostaafu, vijana wa karakana walininunulia keki na blanketi. Keki tuliikata kwa kisu cha gasketi, baada ya kukiosha kwa sabuni mara mbili. Blanketi sikulielewa vizuri, maana nimeacha kazi, sijaugua. Nilikuwa nalikunja wakati Dan, ambaye sasa ndiye anayesimama kwenye lethi niliyoiacha, ile mashine ya kukereza chuma, aliponiambia, "Mathe, si utuandikie hizi vitu zote za bobini? Ukienda nazo hivyo, sisi tutabaki tukibahatisha tu." Shiro wa meza ya kupima akadakia, "Lakini usituletee stori za mshahara na nani alipandishwa cheo. Andika kazi."

Basi naandika kazi. Niko hapa Ziwani, chumba kile kile mnachokijua, na daftari nimelinunua dukani kwa jirani. Mengi nitakayoyasema mlishayasikia nikiwagombeza. Moja hamjalisikia, na nitaliandika mahali pake likifika, hata kama baada ya hapo mtaniangalia kwa jicho lingine.

Nilikuja karakana kufagia. Nilikuwa na watoto wawili wadogo, na baba yao alikuwa amekwenda kutafuta kazi akasahau njia ya kurudi. Karakana ilikuwa nyuma ya mabucha ya Soko la Burma, kwa hivyo kuanzia saa sita mchana watu walikereza chuma huku wakimeza mate kwa harufu ya nyama ya wengine. Tulitengeneza vipuri vya cherehani, hasa bobini. Siku ya kwanza nilizoa vinyoleo vya chuma kwa mikono mitupu, nikarudi nyumbani vidole vinawaka na hakuna mwiba hata mmoja ninaouona. Kesho yake Mzee Karanja, fundi wa lethi, alinipa sumaku aliyoifunga kwenye kipande cha mti.

"Chuma hakiokotwi na mkono, mama," akasema. "Kinaitwa."

Hayo yalikuwa maneno mengi kwake. Alikuwa mtu wa Murang'a, mrefu, mwenye kofia ya sufu kiangazi na masika, na aliweza kumaliza asubuhi nzima bila kusema lolote isipokuwa kuiambia mashine ikate vizuri. Mimi ni Mbukusu, nimezaliwa kwenye nyumba ya watu wanaozungumza wote kwa pamoja. Mwezi wa kwanza nilidhani ananichukia. Mwezi wa pili alinisogezea kiboksi nisimame juu yake, maana lethi ilikuwa imewekwa kwa kimo cha wanaume, akaniwekea mkono kwenye gurudumu lake. Wanaume wengine wa karakana walikuwa na maoni yao. Aliwaacha nayo.

Yeye ndiye aliyenifundisha kuiheshimu bobini. Watu husifu sindano, kwa kuwa iko juu inaonekana. Bobini iko chini, ndani ya kinyumba chake, na hakuna anayeikumbuka mpaka uzi uishe. Lakini mshono ni nyuzi mbili zinazoshikana katikati ya kitambaa, na ule wa chini unatoka kwenye bobini. Ukiitazama ni sahani mbili ndogo za chuma na kiuno katikati. Mtu anaweza kudhani hata kipofu anaitengeneza. Nilidhani hivyo wiki nzima.

Matundu yale kwenye sahani si mapambo. Fundi hupitishia humo ncha ya uzi, huchungulia humo uzi uliobaki, na tena hupunguza uzito. Bobini nzito ikianza kuzunguka haitaki kusimama. Mguu umetoka kwenye pedali, cherehani imetulia, bobini yenyewe bado inamwaga uzi, na chini ya nguo unakuta kiota cha ndege. Ukingo wa sahani lazima uwe laini kabisa, la sivyo unakwangua uzi kidogo kidogo na nguo inafumuka ikiwa imeshavaliwa. Mzee Karanja alikuwa na soksi ya nailoni ya mkewe kwenye droo ya vifaa. Kila bobini aliipitisha kwenye soksi ile, na ikivuta hata unyuzi mmoja inarudi kwenye tupa. Wageni waliofungua droo ile walikuwa wakiifunga haraka bila kuuliza.

Kubwa kuliko yote lilikuwa kulaza. Bobini ya umbo jipya, hata kama tofauti yake ni unene wa unywele, ilijazwa uzi mpaka ukingoni, ikawekwa kwenye rafu, ikalala siku tatu. Siku ya nne unaipima tena na uzi wake ukiwa ndani. Nilimuuliza kwa nini siku tatu zote hizo. Akavuta uzi wa poliesta mbele yangu, akauachia, ukajikunja. "Cherehani inaukaza wakati wa kujaza," akasema. "Halafu unataka kurudi ulivyokuwa. Haurudi leo. Unarudi polepole, unabana kiuno, unasukuma sahani." Uzi wa pamba hauna tabia hiyo, au unayo kidogo sana. Hilo likumbukeni, kwa sababu mimi nililijua na nikalipuuza.

Kulikuwa pia na desturi ya karakana ile, ambayo ninyi hamkuikuta. Kila fundi alikuwa na alama yake, aliyoigonga kwa panchi ndani ya sahani. Anayefundishwa hakuwa na alama. Bobini zake zilitoka na alama ya aliyemfundisha. Kazi ikirudi na kasoro, mwenye karakana aliita watu wote kwenye lethi, akauliza alama ni ya nani. Mwalimu anasema, "Alama ni yangu." Kisha mwanafunzi, kama kazi ni yake, anasema, "Mkono ni wangu." Wakishasema wote wawili, wanakatwa mshahara au wanakaripiwa pamoja, na mambo yanaisha. Nilikuwa nimesema maneno hayo mara nne au tano, kwa makosa madogo. Yalitoka bila shida, kwa sababu hayakuwa na uzito.

Sasa nimtaje Truphena. Tulikuwa tukiimba pamoja kwaya, sauti ya pili, na tulikaa mlango kwa mlango hapa Ziwani. Alishona sare za shule kwa cherehani ya mota, kwenye chumba cha mbele, na mikono yake ilikuwa na kasi ambayo sijaona tena kwa mtu. Watoto wangu walikula kwake nikichelewa kazini. Wake walilala kwangu akiwa na kazi nyingi. Msimu mmoja wa shule kufunguliwa alinishikia bobini mbele ya uso.

"Nekesa, hizi vitu zenu zinanimaliza. Sketi mbili tu, uzi umeisha. Si mzitengeneze na tumbo kubwa?"

"Tumbo haliwezekani. Kinyumba chake ni kile kile."

"Basi zipunguzeni kiuno," akasema akicheka, akajishika chake mwenyewe. "Kama mimi kabla ya watoto."

Alikuwa anatania. Mimi neno hilo nilikwenda nalo kitandani. Kiuno kikiwa chembamba, uzi mwingi zaidi unaingia na nje hakuna kinachobadilika. Nilichora kwenye karatasi ya sukari. Wiki hiyo hiyo Mzee Karanja alipata habari kwamba kakake amefariki, akaenda kwao kuzika. Aliniachia lethi na panchi yake, na akaniambia nisianze jambo jipya mpaka arudi. Nilimjibu sawa.

Sikuwa na nia mbaya. Nataka mlijue hilo, ingawa halibadilishi chochote. Nilitaka arudi akute kitu nilichokibuni mwenyewe, akichukue, akipitishe kwenye soksi yake, atikise kichwa. Nilikereza bobini kumi na mbili za kiuno chembamba. Kwa sababu kiuno kilikuwa chembamba, hata ule mdomo wa kiuno, unaozishika sahani zisisukumwe nje, ulikuwa mdogo. Nililiona hilo. Nilizijaribu mchana mmoja, kwa uzi wa pamba uliokuwa umebaki karakana, zikashona vizuri kabisa, bila kelele. Kuzilaza sikuzilaza. Shule zilikuwa zinafunguliwa, Truphena alikuwa na haraka, nami nilikuwa na haraka kumzidi. Nikazigonga alama ya Mzee Karanja, nikampelekea zote kumi na mbili Ijumaa jioni.

Truphena alifanya kama wanavyofanya mafundi wote wa sare. Jumamosi alikaa akajaza bobini zote za wiki, uzi wa poliesta, zimejaa mpaka ukingoni, akazipanga kwenye bati la biskuti. Jumapili tuliimba. Jumatatu alitumia za zamani zilizokuwa na uzi. Jumanne asubuhi alitia ya kwanza kati ya zangu. Zilikuwa zimelala siku tatu, lakini kwake, si kwenye rafu yetu.

Alichonisimulia baadaye ni kwamba iliingia kwa kubana kidogo, akaisukuma kwa kidole gumba. Ilizunguka pindo moja. Kisha sahani zilizokuwa zimetanuka zikakwama kwenye kinyumba, uzi ukashika, kitambaa kikavutwa upande, na mota haikujua, ikaendelea. Sindano ilipinda ikagonga chuma. Kipande cha ncha kilimwingia jicho la kulia. Alikuwa ameinama kutazama kulikoni, kama ambavyo fundi yeyote angeinama.

Nilimkuta hospitali na kitambaa usoni. Alinishika mkono akaniuliza kama watoto wamekula. Jicho halikuokolewa.

Mzee Karanja alirudi Alhamisi. Mtu alikuwa ameileta ile bobini karakana, ikiwa bado na uzi wa buluu. Aliitoa uzi polepole, akapima kiuno, akapima sahani, akaiweka chini. Hakunitazama. Mwenye karakana alituita wote kwenye lethi, akauliza alama ni ya nani.

"Alama ni yangu," akasema Mzee Karanja.

Halafu akangoja. Sote tulingoja. Feni ya ukutani ilikuwa inazunguka, na mwenye bucha upande wa pili alikuwa anakata mifupa. Nilifungua mdomo. Niliwaona watoto wangu, nikaona ufagio, nikamwona Truphena akiambiwa ni mimi, na mdomo nikaufunga. Niliogopa. Nimetafuta neno zuri zaidi kwa miaka yote hii, sijalipata.

Mwenye karakana akasema kwamba kama hakuna la kuongeza, basi kazi ni ya Karanja mwenyewe, na mtu aliyemtoa mteja jicho hawezi kusimama tena kwenye lethi yake. Mzee alikunja koti lake la kazi. Angeweza kusema hakuwepo wiki ile. Kila mtu alijua alikuwa mazishini, na kila mtu akatazama sakafu, kwa kuwa desturi haikumruhusu mwalimu kumtaja mwanafunzi, na wengine hawakutaka kuingilia. Nilimfuata mpaka langoni. Nilisema, "Mzee." Aligeuka.

"Hukuzilaza," akasema.

"Hapana."

"Nilidhani utasema," akasema, akaenda zake.

Jumapili iliyofuata nilikuwa kwa Truphena, nimekaa kwenye kigoda karibu na kitanda, namnywesha uji. Mzee Karanja akabisha. Alikuwa amevaa suti ya mazishi na ameshika pakiti ya sukari na maziwa. Alivua kofia, na ilikuwa mara yangu ya kwanza kuona nywele zake, nyeupe zote. Alisema, "Mama, mimi ndiye mwenye alama. Nimekuja kuomba msamaha." Hakuongeza neno. Truphena alimwambia mambo ambayo sikujua kwamba anaweza kuyasema. Alimwita muuaji. Alimwambia aende na sukari yake, na Mungu ampe giza kama alilompa yeye. Mvua ilikuwa inanyesha. Mzee alinitazama mara moja, mimi na bakuli langu la uji, kisha akarudisha kofia. "Haya, mama. Upone," akasema. Truphena alilia mpaka akachoka, na mimi nikambembeleza. Hilo nalo nililifanya.

Mwezi uliofuata nilipewa lethi yake. Ndiyo lethi ile Dan anayoisimamia sasa.

Kanuni ya kulaza mliikuta imeandikwa ukutani kwa rangi nyekundu, na mlikuwa mkinicheka kwamba mathe amezeeka na siku tatu zake. Niliiandika mimi, wiki ile ile. Baadaye zilikuja bobini za plastiki, nazo nikawalazimisha mzilaze, kwa sababu plastiki hutanuka kuliko chuma. Zikaja za kutoka nje, za bei ya peremende, na wateja wakatukimbia mpaka tukabaki kutengeneza zile za mashine kuukuu ambazo hakuna mtu mwingine anayezijua. Hata hizo nilizilaza. Nilifundisha watu saba kwenye lethi ile. Desturi ya alama niliiua mwenyewe. Kila mmoja wenu alipata panchi yake siku ya kwanza, na mlidhani nawaamini sana. Nilikuwa naogopa tu siku ambayo mmoja wenu angesimama pale na kungoja.

Mzee Karanja alikaa miaka miwili akitengeneza cherehani za watu kwenye varanda moja sokoni Gikomba. Nilimwona mara moja, ameinama juu ya mashine, nikavuka barabara. Kisha akarudi kwao, na miaka mingi baadaye tukasikia amefariki. Watu wa karakana walikodi basi. Nilitoa mchango wangu, nikaandika jina langu kwenye orodha ya wasafiri, na asubuhi ile sikutokea.

Truphena alishona mwaka mmoja zaidi kwa jicho moja, kisha likaanza kuchoka nalo, akaiuza cherehani. Alihamia Kayole kwa binti yake, anauza nguo za watoto za mitumba. Tuliendelea kuonana. Kila mara jicho lilipomuuma kwa baridi alimtaja yule mzee, na kila mara nilisema pole.

Wiki mbili baada ya keki yenu nilikwenda Kayole. Sikuwa tena na kazi ya kupoteza, na aibu niliyoiona njiani haikuwa kwa ajili ya watu, ilikuwa kwamba nilikuwa nimengoja mpaka ukweli usinigharimu kitu. Nilimkuta peke yake, anachambua maharagwe kwenye sinia, ameliinamia sana kwa sababu ya jicho. Alifurahi kuniona. Akaniambia nivue viatu nikae.

"Truphena, zile bobini nilizitengeneza mimi," nikasema. "Mzee Karanja alikuwa kwao anamzika kakake. Hata hakuziona."

Alitoa jiwe, akaliweka kando.

"Wewe."

"Mimi."

"Ungeniambia siku ile hospitali, ningekutukana mpaka sauti ikauke," akasema. "Halafu ungenipikia uji, na ningeunywa. Jicho ningekuachia, Nekesa. Watoto wetu wamelala kitanda kimoja." Akalisukuma sinia kando, maharagwe yakalia. "Lakini yule mzee alikuja kwangu amevua kofia. Nimemlaani mtu wa watu. Nimemlaani maisha yangu yote, na hata juzi nimemlaani. Na wewe ulikuwa umekaa hapo."

"Nilikuwa nimekaa."

"Amezikwa wapi?"

"Murang'a."

"Murang'a ni kubwa. Wapi?"

"Sijui. Siku ya mazishi nilisema ninaumwa."

"Ulikuwa unaumwa?"

"Hapana."

Alisimama, akaenda kufungua mlango, akabaki ameushika. Nilivaa viatu. Nilipompita alisema bila kunitazama, "Nitafutie mtu anayepajua. Akipatikana aje yeye. Wewe usije."

Ndiyo maana daftari hili nawaletea haraka, kabla sijaandika habari za kunoa visu vya lethi na nyingine nilizowaahidi. Dan, Shiro, nanyi wengine, kuna wazee Gikomba waliokaa na Mzee Karanja kwenye ile varanda, na baadhi yao walipanda basi lile la mazishi. Waulizeni kwao ni wapi, na nani anaweza kuonyesha kaburi. Mkimpata, mpelekeni Kayole moja kwa moja, kwa binti wa Truphena, ghorofa ya nne. Msipitie kwangu. Truphena amekwisha kuvaa viatu mara mbili akidhani aliyebisha ni huyo mtu, binti yake ameniambia kwa simu, na jicho lile moja nalo linaanza kufifia.